Acha Mti Mkavu Usimame: Mwongozo wa Kuwatunza Mbawakawa Katika Msitu Unaovunwa

Kijijini kwetu kanuni ya msitu ilikuwa maneno manne: mbichi usiguse, mkavu chukua. Hata mtoto wa darasa la pili aliijua. Ni kanuni nzuri, na mininga michache tuliyobaki nayo imesalimika kwa sababu yake. Lakini katika miaka niliyokaa kwenye kamati ya maliasili, nikizunguka doria na daftari, nilikuja kuona kwamba tuna msitu wa kijani wenye miti mikavu michache mno iliyosimama iliyo minene kuliko paja langu. Karibu kila kilichokufa kilikuwa kimeshafika jikoni au kwenye tanuri la mkaa, na wakazi wake wamekwenda nacho.

Miongoni mwa wakazi hao ni mbawakawa, wale wadudu wenye mbawa za mbele ngumu kama kifuniko, ambao watoto huwafunga uzi na kuwaita dundu. Nchini Finland, ambako wadudu wa msituni wamehesabiwa kwa subira kubwa, spishi kati ya 4,000 na 5,000 zinategemea miti mifu. Hiyo ni karibu robo ya viumbe wote wa misitu yao. Msitu wao wa asili una mita za ujazo 60 hadi 120 za miti mifu kwa hekta. Ile iliyovunwa vizazi kwa vizazi ilibakiwa na mita chache tu. Wakajikuta wanaandika orodha ndefu ya mbawakawa walio hatarini kutoweka, kisha wakaanza kuirudisha miti mikavu kwa makusudi.

Nimechukua waliyojifunza wao, nikayapima kwa msitu wetu: msitu wenye mchwa, wenye moto wa Agosti, na wenye akina mama wanaohitaji kuni kila siku. Kama una msitu wa hifadhi wa kijiji, au kikundi cha jamii kinachosimamia msitu, au shamba lako la misonobari lenye kipande cha miti ya asili bondeni, anzia hapa.

Hatua ya 1: Wajue wapangaji

Usianze na rangi wala msumeno. Anza na kisu kidogo na dakika kumi mbele ya mti mkavu.

Mti unapokufa, wapangaji wake huja kwa zamu. Wa kwanza wanafika gome likiwa bado limeshika na chini yake kuna utando laini wenye sukari. Hapo hutaga mbawakawa wenye papasi ndefu kuliko mwili, wale wa kung'aa kama vito, na wale wadogo kama mbegu ya ufuta wanaochimba chini ya gome. Bandua kipande cha gome kisichozidi kiganja chako. Utaona mifereji imechorwa kwenye mbao, mwingine umenyooka na vijia vikitoka pande zote kama mifupa ya samaki, mwingine umepinda ovyo na kujaa unga uliokandamizwa. Buu wa mbawakawa wa vito ni rahisi kumtambua: ni mweupe, mwembamba, na sehemu ya mbele ya mwili wake ni pana na bapa, kama msumari uliolazwa.

Halafu tazama matundu. Mbawakawa wa vito akitoka huacha tundu la mviringo uliobinywa, mara nyingi upande mmoja umenyooka. Wenye papasi ndefu huacha tundu la duara au la yai, kubwa kiasi cha kuingiza penseli. Ukikuta tundu dogo la duara kamili, na chini yake unga laini kama wa mhogo uliotwangwa, hao ni jamaa wa dumuzi wa mahindi. Unga wenye nyuzi nyuzi kama uliotoka kwenye randa ni wa mabuu wakubwa wenye taya nene.

Zamu ya pili inakuja gome likianza kuachia. Kuvu wameingia, na uyoga mgumu unachomoza ubavuni kama kibao cha rafu. Sasa wanakuja mbawakawa walao uyoga, na wale wawindaji bapa kama kucha wanaopita kati ya gome na mbao wakila mabuu wa wenzao. Zamu ya tatu huchukua miaka mingi zaidi: moyo wa mti umeoza, kuna shimo, na ndani ya shimo kuna unga mwekundu wenye unyevu. Humo wanakua mabuu wanene waliojikunja kama herufi C, watoto wa wale dundu wa kijani tunaowaona kwenye maua.

Ninarefusha hatua hii kwa sababu moja. Mti uliokufa mwaka huu na mti uliokufa miaka kumi iliyopita ni nyumba mbili tofauti, na aliyezoea moja hawezi kuishi kwenye nyingine. Ukiacha miti mikavu mwaka mmoja tu, halafu usiache tena kwa miaka kumi, wapangaji wa zamu ya kwanza watakosa pa kuhamia. Wengi wao hawarudi tena kwenye mti walikozaliwa kwa sababu chakula chao kimekwisha.

Hatua ya 2: Hesabu ulichonacho

Huhitaji mtaalamu wala mashine. Unahitaji kamba ya mita 10, kipimo cha fundi cherehani, daftari, na mtu wa pili.

Pita kwa mstari ulionyooka mita 250, ukihesabu miti mikavu iliyosimama ndani ya mita 10 kulia na mita 10 kushoto. Ukanda huo ni nusu hekta, kwa hiyo zidisha hesabu yako mara mbili. Fanya kanda nne au tano katika sehemu tofauti za msitu, si zile zilizo karibu na barabara tu, maana huko kuni zimekwisha siku nyingi.

Kwa kila mti andika: jina, mzingo wake usawa wa kifua, urefu wa kukadiria, kama uko juani au kivulini, na zamu yake kati ya zile tatu. Kupata kipenyo, gawanya mzingo kwa 3.14. Mti wenye kipenyo cha sentimita 40 uliovunjika ukabaki na mita 5 una ujazo wa kama mita 0.6. Ukipata miti miwili ya namna hiyo kwa hekta, una mita 1.2. Utafiti wa Ulaya unaonyesha kwamba spishi nyingi za miti mifu huanza kustawi pale msitu unapokuwa na mita za ujazo 20 hadi 50 kwa hekta, ukijumlisha iliyosimama na iliyolala. Usikate tamaa kwa tofauti hiyo. Hizo ni nchi za baridi ambako gogo hukaa miongo mingi kabla ya kuisha. Kwetu mbao huoza na kuliwa upesi, kwa hiyo mbinu yetu haiwezi kuwa ya kulimbikiza. Ni ya kuhakikisha kila mwaka kuna mti mmoja unaingia kwenye hesabu.

Hatua ya 3: Chagua ya kuacha

Nchini Sweden, msitu wenye cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, ukivunwa, wavunaji hutakiwa kuacha angalau visiki virefu vitatu kwa kila hekta, au miti mitatu iliyochunwa gome ife ikiwa imesimama. Mashine hukata shina kwa juu, kwenye mita 3 hadi 5, na kuacha nguzo. Walianza bila uhakika mkubwa, lakini mbawakawa kadhaa waliokuwa adimu walizipenda. Mmoja ni *Peltis grossa*, mdudu bapa mweusi wa sentimita moja na nusu hivi, anayekaa kwenye misprusi, miti ya nchi za baridi iliyo jamaa wa misonobari, iliyoingiwa na kuvu. Anatumia nguzo hizo vizuri kabisa, hata zikiwa katikati ya eneo tupu.

Mimi kwa misitu yetu nasema tano kwa hekta, kwa sababu miwili lazima itaibwa au kuungua. Katika kuchagua:

Chukua minene kwanza. Mti wa sentimita 30 kwenda juu hukaa muda mrefu, hauchemki kwa jua hadi ndani, na una nafasi ya zamu zote tatu. Fito kavu waachie wanaotafuta kuni. Zina wapangaji wake, lakini matawi yanayoanguka yanawatosha.

Changanya miti. Mbawakawa wengi wa zamu ya kwanza huchagua aina ya mti kama mtu anavyochagua ukoo wa kuoa. Aishiye kwenye mtondoo hataki mkongo. Kama miti yote mitano uliyoacha ni ya aina moja, umejenga hoteli yenye vyumba vya mteja mmoja.

Changanya jua na kivuli. Wale wa vito wanataka mti unaopigwa na jua la mchana. Walao uyoga wanataka kivuli na unyevu. Ukiacha mitatu pembeni mwa uwazi na miwili ndani kabisa, umefanya vizuri.

Na mti mzima wenye tawi moja lililokufa au shimo ubavuni, usiuhesabie miti ya mbao. Hata bei yake sokoni ni ndogo. Utakuwa mti wako mkavu wa miaka ishirini ijayo, na wakati ukisubiri utawapa nafasi nyuki wadogo, hondohondo na vigong'ota.

Kwa mwenye shamba la misonobari au mikaratusi, ushauri wangu ni tofauti kidogo. Miti hiyo ni wageni, na mbawakawa wetu wengi hawajui la kuifanyia. Elekeza nguvu kwenye kingo za mito. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, na mara nyingi ndiko miti ya asili imesalia. Acha ifie huko, isafishwe na mchwa na mvua, siyo na vibarua.

Hatua ya 4: Ondoa hatari

Mti mkavu unaua. Tawi huachia bila upepo wala mlio. Usiache mti mkavu karibu na njia ya watu, kisima, mizinga, kambi ya wapasuaji wala mpaka wa shamba. Kadiria urefu wa mti, uzidishe mara mbili. Ndani ya duara hilo pasiwe na sehemu ambayo watu hukaa au kupita kila siku. Wavunaji wanapoangusha mti jirani, waonyeshwe kwanza mkavu uko wapi, maana mtikisiko wa ardhi unatosha kuushusha. Mti ulioota njiani na hauwezi kuachwa, uangushe, lakini acha gogo lake lilale hapo hapo.

Hatua ya 5: Kijiji kikubali kwanza, ndipo upake rangi

Hapa ndipo nilipokosea.

Mwaka wetu wa kwanza tulichagua miti kumi na minne na kuipaka pete nyekundu. Tulijisifu sana. Baada ya miezi mitatu nilirudi na kukuta sita imekwenda, na mahali pa mmoja kuna duara jeusi la tanuri la mkaa bado lina joto. Nilipouliza, kijana mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: "Mzee, si mliipaka nyekundu? Tulijua imeruhusiwa kukatwa." Alikuwa sahihi. Miti ya kuvuna katika msitu wetu hupakwa rangi nyekundu.

Kwa hiyo: usitumie rangi ya uvunaji. Sisi sasa tunatumia pete mbili nyeupe, moja usawa wa kifua na moja usawa wa goti, pamoja na namba. Namba ina nguvu kuliko rangi. Mti wenye namba watu huuona kama una mwenyewe, na kwenye daftari kweli anao.

Lakini rangi ni ya mwisho. Kwanza ongea na wanaokusanya kuni, na uongee nao peke yao kabla ya mkutano mkuu, maana mkutanoni wanaume watasema kwa niaba yao. Mama mmoja aliniuliza: "Baba, mti umekwisha kufa, mnaulinda usife mara ya pili?" Watu walicheka, nami nikacheka. Halafu nikamletea kipande cha gome chenye mabuu, nikamwonyesha kigong'ota anatafuta nini pale juu. Yeye ndiye aliyetuambia jambo ambalo kamati haikulijua: akina mama hawaangushi mti mnene mkavu, hawana msumeno wala muda. Wanachukua matawi na fito. Mti mnene unachukuliwa na mchoma mkaa. Kwa hiyo mvutano tuliouogopa kati ya kuni na mbawakawa haukuwepo. Tulikuwa tunagombana na watu wasiohusika.

Makubaliano yetu yakawa mepesi. Kilicho chini ya unene wa paja, chukua. Chenye pete nyeupe, acha, hata kikianguka. Vingine vyote kwa utaratibu wa kawaida wa kibali. Yaandikwe kwenye sheria ndogo za kijiji, yapitishwe na mkutano mkuu, kisha yapelekwe halmashauri ya wilaya yaidhinishwe. Bila hatua hiyo ya mwisho, mgambo wako akimkamata mtu hana pa kumpeleka.

Hatua ya 6: Kama huna miti mikavu, itengeneze

Msitu ulioshindwa kuzaa miti mikavu kwa sababu uliifagia unaweza kusaidiwa. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni kisiki kirefu. Mnapovuna mti ambao shina lake la chini limeoza au lina shimo, msikate chini. Lakini tafadhali, mtu asipande mtini na chensoo ili kukata kwenye mita 4 kama mashine za Sweden zinavyofanya. Mashine ile ina dereva aliyekaa ndani ya kibanda cha chuma. Kateni usawa wa kiuno au kifua, mkiwa mmesimama imara chini. Kisiki cha mita moja na kidogo si nguzo, lakini ni bora kuliko kile cha sentimita kumi.

Ya pili ni kuchuna gome. Kwa panga kali, usawa wa kifua, ondoa gome kuzunguka shina lote kwa upana wa sentimita 20, mpaka mbao nyeupe ionekane na utando wa kijani wa ndani usibaki hata uzi. Ukiacha daraja dogo, mti utajiponya. Fanya hivyo wakati wa mvua, gome linapoachia kirahisi. Miti ya miombo itachipua chini ya jeraha; acha ichipue, ndiyo kawaida yake, juu patakufa na chini pataendelea.

Uchune mti upi? Usiguse mninga, mpingo wala mti wowote uliolindwa, na usichune chochote katika msitu wa serikali au wa kijiji bila kibali. Chagua mti unaosongwa na wenzake, au uliopinda, au mgeni msumbufu. Kwenye milima ya Usambara Mashariki, kuzunguka Amani, kuna *Maesopsis eminii*, mti ambao Uganda huitwa musizi na huko ni mwenyeji. Amani ulipandwa, ukaenea ndani ya msitu wa asili. Kuuchuna mti wa namna hiyo kunakupunguzia mgeni na kukupa nguzo kavu kwa wakati mmoja, ingawa mbao yake ni laini na haitadumu.

Sumu usitumie. Budongo, Uganda, katika miaka ya 1950 na 1960, idara ya misitu iliua kwa dawa miti iliyohesabiwa kuwa haina faida ili mikangazi ipate nafasi. Mingi iliyokufa ni mikuyu ya kubana na muhimbi. Kwa muda msitu ulijaa miti mikavu, ni kweli, lakini mikuyu ndiyo ghala la matunda la sokwe na hondohondo.

Hatua ya 7: Iokoe na moto

Kwa nini nakazania mti uliosimama, wakati gogo lililolala nalo ni nyumba? Kwa sababu kwetu kilicholala kina maadui wawili wasiochoka: mchwa wanaoingia kutoka ardhini, na moto wa nyasi unaopita chini. Mti uliosimama una sehemu kubwa ya mwili wake juu ya wote wawili. Mchwa watapanda, ndiyo, utaona njia zao za udongo, lakini mbao iliyo juani huwachelewesha.

Moto ndio wa kuogopa zaidi. Mti wenye shimo ukishika moto kwenye mguu unageuka bomba la moshi, unawaka kwa ndani siku mbili na kuanguka. Mwezi wa Mei au Juni mwanzoni, nyasi zikiwa bado na unyevu, fyeka na ufagie duara la mita 3 kuzunguka kila mti wenye namba. Watu wawili wanamaliza mti mmoja kwa nusu saa. Kama msitu wenu hufanya uchomaji wa mapema, fyekeni kabla ya siku hiyo. Kuna mbawakawa wanaoufuata moto wenyewe: Ulaya yupo *Melanophila acuminata*, wa jamii ya vito, mwenye viungo kifuani vinavyohisi joto la moto kwa mbali ili akatage kwenye miti iliyoungua. Hivyo mti uliouawa na moto na bado umesimama, upe namba.

Hatua ya 8: Jibu swali la waharibifu

Utaulizwa, na ni swali la haki: wadudu hawa hawatahamia kwenye miti mizima, au kwenye ghala la mahindi?

Kwa miti mizima, tofautisha mti unaokufa leo na mti uliokauka zamani. Ulaya wanamwogopa *Ips typographus*, mdudu wa milimita 5 anayechimba gome la msprusi. Januari 2005 kimbunga walichokiita Gudrun kiliangusha kama mita za ujazo milioni 75 za miti kusini mwa Sweden, na mdudu huyo akazaliana kwenye magogo hayo mabichi hadi akaweza kuua miti iliyosimama. Ndiyo maana sheria ya Finland humtaka mwenye msitu aondoe misprusi iliyoangushwa au kuharibiwa ikizidi mita za ujazo 10 kwa hekta. Lakini ona inachoondoa: miti mibichi. Gome likishakauka na kuachia, mdudu huyo hana chakula hapo, bali wawindaji wake ndio wanaobaki. Kwa hiyo shambani kwa misonobari, lundo la magogo mabichi msimu wa joto ni hatari. Nguzo tano kavu si hatari.

Kwa mahindi, jibu langu ni la tahadhari zaidi. Dumuzi, ambaye baadhi ya watu humwita skania, alitoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa asili ni mdudu wa mbao. Huko kwao huzaliana kwenye vijiti vikavu, na anaweza kuishi kwenye mbao hata huku. Kumwondoa kwa kufagia msitu haiwezekani, maana amekwishaenea. Ila usirundike kuni kavu kando ya ghala, na usijengee kihenge kwa fito zenye matundu. Adui yake mkubwa naye ni mbawakawa: *Teretrius nigrescens*, mdogo, mweusi, aliyeletwa Afrika kumwinda, akaachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Jamaa zake wanawinda ndani ya matundu ya miti mikavu.

Hatua ya 9: Angalia nani amehamia

Wakati mzuri ni wiki mbili za mwanzo wa mvua, Novemba au Desemba kwa sisi wa kusini. Mbawakawa wengi husubiri ndani, tayari wamekwisha kukua, mvua ya kwanza ikilainisha mbao wanatoka. Nenda saa mbili usiku na tochi. Simama kimya. Mara nyingi utawasikia kabla ya kuwaona: taya ikikwangua mbao inatoa mlio wa kama mtu anayevunja mkaa kwa kucha.

Kwa hesabu ya kudumu, tengeneza mtego wa dirisha. Karatasi ngumu ya plastiki ya kuona ng'ambo, upana wa nusu mita, ining'inie karibu na shina. Chini yake beseni lenye maji na sabuni kidogo. Mdudu anaruka kuelekea mti, anagonga plastiki, anaanguka. Uache siku tatu, siyo mwezi, maana unaua. Kama hutaki kuua, funga chandarua chakavu kuzunguka shina, kikaze juu na chini, uangalie kila asubuhi nani ametoka, umpige picha, umwachie.

Usibandue gome kila ukipita. Nimeona vijana wenye shauku wakimaliza mti mzima kwa mchana mmoja ili kuona ndani kuna nini. Kipande cha kiganja, mara moja kwa mwaka, kwenye mti mmoja kati ya mitano. Andika rangi, ukubwa, umbo la tundu. Jina la kisayansi linaweza kusubiri. "Mweusi, mabega mapana, papasi mara mbili ya mwili, mti namba 9" ni taarifa kamili.

Hatua ya 10: Siku ukianguka

Utaanguka. Wetu namba 3 ulisimama misimu minne. Nenda uangalie kama haukuziba njia, andika tarehe, upake pete nyingine kwenye gogo ili asije mtu akadhani ni halali yake. Katika misitu yenye unyevu, gogo linalooza huhamiwa na mbawakawa weusi wanaong'aa wa jamii ya Passalidae, baba na mama wakiishi na watoto wao kwenye njia moja. Ukimshika mmoja atalia *chiii* kwa kusugua mwili wake, na mabuu wake nao hulia.

Kisha rudi kwenye orodha yako ya miti yenye matawi yaliyokufa, chagua mmoja, uupe namba inayofuata. Sisi tuko kwenye 31.